Gemu ya elfu kumi na mbili

Mpwa wangu alinikuta barazani nimeshika simu, natazama mkeka wa kubeti uliochanika. Timu sita: tano zimenipa, ya sita imerudishiwa bao dakika ya 93. Akaangalia simu, akaniangalia usoni, akasema, "Anko, hela hizi unawapa watu bure. Nipe 12,000 nikuonyeshe kitu."

Nikamwambia 12,000 sina. Nilikuwa nayo saa mbili zilizopita.

Akalipa yeye, kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu yake, nikamrudishia mwisho wa mwezi. Gemu yenyewe inaitwa Vampire Survivors. Nimeicheza zaidi ya mwaka sasa, na kila nikiitaja kijiweni naulizwa maswali yale yale: ina nini cha ajabu, inataka kompyuta ya namna gani, na baada ya kuinunua itaanza kudai hela nyingine lini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu ni haya hapa.

Laptopu yangu ni ya zamani, ina ufa kwenye kona ya kioo na herufi M ilishang'oka. Nilitegemea itagoma. Haikugoma. Yakatokea majani ya kijani, katikati yake mtu mdogo wa vinukta kama wa gemu za zamani za kuchomeka kwenye TV, na popo wawili watatu wanamjia polepole. Nikauliza nabonyeza wapi kupiga.

"Hubonyezi kitu. Tembea tu."

Na ni kweli. Huyo mtu, jina lake Antonio, ana mjeledi, na mjeledi unajipiga wenyewe kila baada ya muda mfupi. Kazi yako wewe ni miguu: wapi pa kupita, wapi pa kukwepa, lini ugeuke. Adui akifa anaacha kijiwe cha buluu. Ukiokota vijiwe vya kutosha gemu inasimama, inakuletea vitu vitatu uchague kimoja: kisu, kitunguu saumu, mabawa ya kukuongezea mwendo. Unachagua, mambo yanaendelea, adui wanazidi. Dakika ya kwanza unawahesabu. Ya kumi huwezi. Ya ishirini huoni hata majani.

Nilikufa dakika ya nne. Nikaanza tena. Nikafa dakika ya saba. Nilipogeuka kumwuliza mpwa wangu kitu, kumbe alishaondoka zamani, yuko ndani anakula.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha. Aliyeitengeneza ni Luca Galante, Mtaliano anayeishi Uingereza, na jina la kampuni yake ni poncle, kwa herufi ndogo hivyo hivyo. Ilianza kuuzwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Desemba 2021, ikiwa bado haijakamilika, kwa dola 2.99. Oktoba 2022 ikatoka kamili, ikapanda hadi dola 4.99. Mwezi Machi 2023 ikachukua tuzo ya BAFTA ya gemu bora ya mwaka huko Uingereza, mbele ya Elden Ring na God of War Ragnarök, gemu zilizotengenezwa na majeshi ya watu kwa miaka. Picha zake nyingi huyu bwana alizinunua zikiwa tayari zimechorwa. Lakini yote hayo mtu angeniambia ningesema hongera zake, nikaendelea na shughuli zangu. Lililonifanya nikae sawa kwenye kiti ni kwamba Galante, kabla ya haya, alikuwa mtengenezaji wa programu kwenye kampuni za kamari.

Nikasema alaa! Ndiyo maana.

Ukimuua bosi, yule adui mkubwa kuliko wenzake, anaangusha sanduku. Ukilikanyaga, kila kitu kinasimama. Sanduku linatikisika, linafunguka, mwanga wa rangi unapanda juu kama bomba limepasuka, sarafu zinaruka, muziki unashika kasi, na picha za vitu zinapita mbio huku wewe umekodoa macho. Kitatoka kimoja? Vitatu? Siku ya bahati vinatoka vitano, na muziki unabadilika kabisa. Mimi ile hisia naijua. Ni ile ya kuburuta kioo cha simu saa tano usiku kuona kama bao limeingia. Ni ile ya mashine za kutumbukiza sarafu zilizopangwa pembeni mwa baa. Mtu aliyejua jinsi ya kutengeneza mtego alichukua taa zake, milio yake na kusubirisha kwake, akaondoa kitu kimoja tu: mahali pa kuingizia hela.

Sanduku hulilipii. Halina punguzo la leo tu, halina almasi za kununua kwa vocha, halikuambii urudi kesho asubuhi la sivyo zawadi itapotea. Ukipata kimoja, basi hicho kimoja ni chako. Kwa mtu aliyekuwa anapoteza elfu tano tano kwa wiki mara tatu, hiyo haikuwa habari ndogo. Sisemi gemu hii ni dawa ya kubeti, maana mimi mwenyewe Ligi Kuu ikianza mkono bado unaniwasha. Nasema kuna jioni nyingi ambazo mkono uliwasha, nikaukunia hapa.

Jambo la pili ni kufa. Gemu za aina hii zina ukoo wake. Karibu mwaka 1980, Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California pale Santa Cruz, walitengeneza gemu inayoitwa Rogue. Haikuwa na picha. Wewe ulikuwa alama ya @, adui walikuwa herufi za alfabeti, na shimo ulilokuwa unashuka lilijipanga upya kila ulipoanza. Ukifa, umekufa. Hakuna pa kurudi, unaanza mwanzo kwenye shimo usilolijua. Gemu zilizofuata nyayo zake ndizo zinaitwa roguelike. Wajuzi watakuja kukwambia Vampire Survivors si roguelike halisi, kwa kuwa ramani yake haijipangi upya na kifo chake kina huruma. Wana majina yao ya kutofautisha, na ugomvi huo nawaachia.

Hiyo huruma ndiyo ninayoipenda. Dhahabu uliyookota kabla ya kufa unabaki nayo. Unaenda kwenye duka la ndani ya gemu, ambalo halijui shilingi wala dola, unanunua nguvu kidogo, mwendo kidogo, uhai kidogo, na vinabaki kwako siku zote. Kwa hiyo hata mzunguko wa hovyo, ule uliokufa dakika ya sita kwa sababu mtoto alikuita, umekuachia kitu. Mkeka ukichanika unakuachia nini?

Kama unaanza leo, nikuokoe na upumbavu nilioufanya mimi wiki mbili za kwanza. Nilikuwa nachukua kila silaha inayojitokeza. Kisu naweka, shoka naweka, fimbo ya uchawi naweka. Nafasi za silaha ni sita, na nafasi za vitu vya kusaidia ni sita. Nilizijaza zote mapema kwa tamaa, kila silaha ikabaki mtoto mchanga, na ikifika dakika ya kumi na mbili naliwa kama karanga. Chukua mbili au tatu, zilee, yaani zichague tena kila zinapojitokeza ili zipande levo. Nyingi zinafika levo ya nane, na hapo ndipo penye siri ya gemu yote: silaha iliyofika mwisho, ukiwa nayo pamoja na kitu chake cha kusaidia, inageuka. Unahitaji tu sanduku la bosi, na kwa kawaida ni mabosi wa kuanzia dakika ya kumi ndio masanduku yao hufanya kazi hiyo. Mjeledi wa Antonio ukikutana na Hollow Heart, ule moyo, unakuwa mjeledi mwekundu unaokurudishia uhai kila unapochapa. Mara ya kwanza kuupata nilikuwa nimebakiza uhai kama nywele. Nilisimama katikati ya mizimu nikaona mstari unajaa wenyewe, nikapiga kelele hadi jirani akauliza nani kafunga.

Sanduku likianguka na silaha yako haijafika, liache pale pale. Halikimbii. Zunguka, okota vijiwe, ukikamilika rudi ulikanyage. Hili hakuna aliyeniambia, na nilipoteza masanduku mangapi sijui.

Kitunguu saumu nacho kina mtego wake. Kwa anayeanza hakuna kinachokipita. Kinakuzungushia harufu, popo wakikukaribia wanakufa wenyewe, hata ukisimama unakunywa chai. Wengi wanakitegemea, wanajiona mabingwa, na baada ya dakika kumi na tano adui wanaokuja hawana habari na harufu. Kichukue, lakini usikipe moyo wako wote. Bora zaidi, kwa mimi, ni kile kitabu kinachokuzunguka. Chenyewe ni Biblia, imeandikwa hivyo, na kikifika mwisho pamoja na kile kitu cha kusaidia kiitwacho Spellbinder kinazunguka bila kupumzika, ni ukuta. Adui wanafika hapo wanakwama.

Dukani, nilianza na kinachoitwa Greed, kinachokuongezea dhahabu unayookota, ndipo nikanunua vingine. Huenda wewe ukaona bora nguvu kwanza. Usiogope kukosea, kuna kitufe cha kurudishiwa dhahabu yako yote, bila kukatwa hata senti, ukapanga upya. Halafu vunja zile taa. Vinara vilivyosimama porini vikivunjika vinatoa sarafu, mara nyingine msalaba unaoua kila kilichopo kwenye kioo, mara nyingine kuku mzima wa kuchoma ametua chini kwenye majani. Kuku anakurudishia uhai 30. Usimle ukiwa mzima, mwache, kumbuka alipo.

Kuku huyu ndiye aliyemleta mama yangu kwenye habari hii. Mama huwa anakaa nasi miezi ya mvua, na jioni alikuwa anachambua mchele huku macho yake yako kwenye laptopu yangu. "Kuku anaokotwa chini, analiwa hivyo hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Halafu akauliza gemu inaitwaje, na hapo nikajikuta natafuta neno la vampire. Nikamwambia mumiani. Nilikosea kusema hivyo, maana mama ni mtu wa pwani, amekua akisikia hadithi za mumiani za enzi za mkoloni, watu wanaokamatwa njiani usiku na kunyonywa damu, zimamoto, waliosemwa ndio wanyonyaji, wakiogopwa kuliko moto wenyewe. Akaweka ungo chini. "Yuko wapi?"

Hayupo. Hilo nalo ulijue kabla hujatoa hela yako: kwenye gemu ya msingi, yenye jina la mnyonya damu, utapigana na popo, mifupa, mimea na mizimu, lakini mnyonya damu mwenyewe ukimtafuta ni utani wa Galante tu, kama majina ya Kitaliano aliyowapa wahusika. Nikamwambia mama bado hajafika. Kila jioni akawa anauliza kama amefika.

Kuhusu kununua. Kama una simu tu, huna haja ya hata hiyo elfu kumi na mbili. Toleo la simu lilitoka Desemba 2022 na ni la bure. Matangazo yapo, ila unayaita mwenyewe, kwa mfano ukitaka kufufuka baada ya kufa. Usipoyaita hayaji. Galante alisema waliharakisha kulitoa kwa sababu maduka ya simu yalishajaa za kuiga, na bado yamejaa, kwa hiyo angalia jina la poncle kabla hujapakua. Nyingi ya hizo za kuiga ni kile kile alichokiondoa: almasi, vocha, zawadi ya kila siku. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe wazo alilipata kwenye gemu moja ya simu, Magic Survival, na hafichi.

Ukiwa na kompyuta, nunua Steam. Hakikisha kwenye kadi yako kuna akiba juu ya bei, maana siku nilipojaribu kumnunulia rafiki yangu niliweka hela kamili, nikakataliwa mara tatu, nikidhani nimeibiwa, kumbe ni makato tu. Na ukiicheza usipoipenda, Steam wanarudisha hela kama hujafikisha saa mbili za kucheza na siku 14 hazijapita tangu ununue. Saa mbili ni mizunguko minne. Inatosha kabisa kujua kama ni kitu chako. Nyongeza zipo, ya kwanza iliuzwa dola 1.99, lakini usiziguse kabla hujamaliza ya msingi. Mimi nimenunua moja tu, na nilisubiri punguzo.

Kompyuta dhaifu? Toleo la mwanzo lilijengwa kwa Phaser, zana ya kutengenezea gemu za kwenye kivinjari, na adui wakijaa lilikuwa linakokota kama daladala imejaza kwenye mlima. Mwaka 2023 waliihamishia kwenye zana nyingine, Unity, na laptopu yangu yenye ufa ikapata nafuu kubwa. Mwaka huo huo wakaweka pia uwezo wa kucheza hadi watu wanne kwenye kioo kimoja. Mimi na mpwa wangu tumejaribu, tukaishia kugombania kuku.

Kama wewe au mtoto wako ana kifafa, ingia kwenye mipangilio uzime miale kabla ya kitu chochote, kwa sababu mwisho wa mzunguko kioo kinakuwa kama disko. Na kama unapenda hadithi, mazungumzo, mtu mwenye sababu ya kupigana, hapa hakuna. Kuna miguu na kuchagua. Niseme pia ukweli kwamba utamu una mwisho. Baada ya saa arobaini hivi umekuwa na nguvu kiasi kwamba unaweza kusimama, ukaenda kuinjika maji, ukarudi ukakuta hujafa. Saa kumi na tano za kwanza, wakati bado unaogopa, hizo ndizo zenye thamani ya hela. Mimi sasa hivi naifungua mara moja kwa wiki, labda mbili.

Zamani haikuwa hivyo. Mzunguko mmoja kwa kawaida ni dakika 30 upeo wake, na ndicho nilichomwambia mke wangu kama utetezi: ni nusu saa tu. Akanijibu, "Gemu yako ina nusu saa. Wewe una saa tatu." Alikuwa sahihi. Hela haichukui, lakini inajua kula muda, kwa sababu ukifa kuna dhahabu ya kutumia, na ukishaitumia unataka kujaribu ulichonunua. Nilichofanya ni kutoianza kamwe baada ya saa nne usiku, na kuicheza kwenye simu nikiwa foleni ya hospitali au nikisubiri gari, mahali ambapo muda ulikuwa unapotea hata hivyo. Haihitaji bando ukishaipakua, hilo nalo linasaidia.

Kuna usiku mmoja nilivunja sheria yangu mwenyewe. Saa sita kasoro, nyumba imelala, nina Antonio, mjeledi mwekundu, vitabu vinazunguka, na kwa mara ya kwanza naiona dakika ya 28. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, inaishi kwa waya. Uniti za umeme zilikuwa zinalia tangu magharibi. Nilizisikia. Nikasema nitanunua mzunguko huu ukiisha. Giza likaingia, kioo kikazima, nikabaki nimekaa na vidole kwenye herufi. Dhahabu yote ya mzunguko ule ikaenda nayo, kwa sababu inahesabiwa mwishoni. Nunua uniti kwanza.

Niliifikia dakika ya 30 wiki iliyofuata, jioni, watu wote wako macho. Ilipofika, adui wote wakatoweka mara moja. Majani yakaonekana tena, kijani kitupu, kimya, sijayaona hivyo tangu dakika ya kwanza. Nikadhani imeisha. Halafu kikaingia kitu kimoja kutoka pembeni, joho jeusi, kinakuja moja kwa moja, hakikwepeki. Ni Kifo. Huja kwa kila anayefika hapo, na ukimwona maana yake umeshinda. Mjeledi haukumtikisa. Vitabu havikumsimamisha. Akanigusa mara moja.

Mama aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Ndiye huyo mumiani?"

Nikamwambia ndiye. Si kweli, lakini alikuwa amemsubiri wiki tatu.